Mbula Haiangushwi

Alinigongea mlango kabla ya adhana,
ndoo mbili mkononi, kanga kuukuu kiunoni.
"Wewe wa Ujiji, vaa viatu vya kufunga."
Miaka mitatu chini ya bati moja hapa Isevya,
mavyaa hajanitaja jina, hata nilipolala na homa.

Bodaboda ilituacha mwisho wa Itetemia.
Tukapita mashamba ya tumbaku, mabua makavu,
bani moja limebomoka ubavu, mbuzi ndani yake.
Kisha miombo.
Mwezi wa kumi, mvua bado, ardhi kigae,
na miti imevaa majani mekundu,
mekundu kama mawese ya kwetu yangali jikoni.
Nikasimama. Nilidhani msitu unakufa.
"Unaamka," alisema, bila kugeuka.

Bustani ile haina ua wala mlinzi.
Waliopanda ni nguruwe, ni ndege,
ni watoto waliotema kokwa njiani
wakasahau.
Harufu ilitupokea kabla ya mti:
tamu, nzito, ina pombe kidogo.
Nikaokota fimbo nipige tawi.
Akanishika mkono.
"Mbula haiangushwi. Inaanguka."

Akakaa kitako, akachagua kwa pua:
hii bado, hii imelewa,
hii panya ameshaonja, mwachie amalize.
Zangu alizichungulia ndooni,
akatupa nusu.
Mchana tulikula matobolwa kimya kimya,
kila mtu na kivuli chake.

Jioni, uani, kinu kati yetu.
Nyama ya mbula ni ya njano, ya ungaunga,
inang'ang'ania mchi kama mdai.
Mayai manne ya Mama Kashindye, kwa mkopo.
Unga wa ngano, robo tatu.
Asali, maana sukari imepanda tena.
Yeye alitaka chumvi, mimi nilitaka iliki;
tukatia vyote viwili, kwa hasira.

Mkaa chini, sufuria, mfuniko, mkaa juu,
kama nilivyomwona mama akifanya Ujiji
mfungo mzima, mkate wa mchele kila magharibi.
"Moto wa juu uzidi wa chini," nilimwambia,
na siku hiyo ni yeye aliyesikiliza.

Tukakaa kungoja. Hapo ndipo alipoanza,
sijui kwa nini, habari za mume wangu
alipomeza kokwa ya mbula akiwa na miaka sita,
akalia usiku kucha,
akishika tumbo, akiuliza
matawi yatatokea wapi.
Nami nikamweleza kwamba hata leo,
akirudi na treni ya Mpanda,
hamezi hata mbegu ya chungwa.
Tulicheka. Tukasahau mkaa.

Harufu ndiyo iliyotushtua.
Upande mmoja mweusi kama tako la chungu.
Nikainamisha kichwa, nikingoja:
Ujiji hawafundishwi kazi.
Alichukua kisu, akakata upande ulioungua,
akauweka kwenye sahani yake.
Mzima akanisogezea mimi.
Akatafuna polepole. Masizi yakalia menoni.

"Zabibu," akasema,
nikageuka kuona nani ameingia.
"Zabibu si tunda la Dodoma?
Mpaka uzee huu sijalionja. Ni tamu?"
"Sijui, mama. Nilipewa jina tu."
Akacheka hadi akapaliwa.

Usiku tukapasua kokwa kwa jiwe.
Ngumu, hazina huruma;
vingi vya viini vilisagika, tukalamba vidole.
Kimoja kilitoka kizima, cheupe,
si kikubwa kuliko jino la mtoto.
Alikigeuza kwenye mwanga wa simu,
akakibonyeza kiganjani mwangu:
"Jumamosi. Viatu vilevile."